Dau Limelala Bavu: Namna ya Kulipatia Shairi la Mandhari Hali na Hisia

Nikiwa na miaka 19 niliandika ubeti huu, nikauona mzuri kiasi cha kuunakili mara mbili kwenye daftari safi:

*Nina huzuni moyoni, majonzi yamenijaa,*
*Nimekaa huku pwani, simanzi imenikaa,*
*Bahari nzuri machoni, mawimbi yanashangaa,*
*Machozi tele usoni, moyo wangu wazubaa.*

Hesabu mwenyewe. Mizani minane kwa minane, vina vya kati vinaitikiana, vya mwisho vinaitikiana. Fundi wa arudhi hana la kunidai. Lakini msomee mtu, kisha muulize anajisikiaje. Hajisikii chochote. Ametajiwa huzuni, majonzi, simanzi na machozi katika mistari minne, naye amepokea kama apokeavyo salamu ya njiani: marahaba, akapita. Bahari imo lakini haina kazi. Ungeitoa ukaweka stendi ya basi, na ubeti usingetikisika.

Tangu siku hizo nimesoma beti nyingi za wenzangu na kuharibu nyingi zangu, na nimebaki na imani moja. Msomaji hushikwa pale kitu kinachoonekana kinapofanya tendo dogo mbele ya macho yake, mwandishi naye akanyamaza. Mwongozo huu unafuata mandhari moja, ufuo wa pwani maji yakiwa yamekupwa, tangu daftari tupu hadi ubeti unaosomeka.

Tuelewane kwanza kwa maneno matatu. *Taswira* ni picha inayojengwa na maneno, na haiishii kwenye macho: harufu ya mwani unaooza ni taswira, ubaridi wa tope unyayoni ni taswira. *Hali* ni hewa ya shairi, kile unachokikuta ukiingia, kama unavyoingia nyumba ya watu ukajua humu walikuwa wanagombana ingawa sasa wote wamenyamaza. *Hisia* ni linalokupata wewe msomaji. Mshairi ana mkono kwenye taswira peke yake. Hali hutokana na taswira zilizopangwa pamoja, na hisia hutokana na hali. Anayeanza na hisia ameanza na paa kabla ya nguzo.

Hatua ya 1: Kaa mahali pamoja, urudi na vitu kumi

Nusu saa inatosha. Chukua daftari, andika nomino na kitenzi chake tu. Usiweke sifa, usiweke "kama". Haya ndiyo niliyoyaandika siku moja ya bamvua:

Dau limelala upande. Kamba imeganda chumvi. Kaa wamejaa chini ya nanga, penye kivuli. Kaa mmoja ana gando kubwa kuliko mwili. Wavu uko mchangani. Wanawake wawili wanachokoa pweza mwambani. Mizizi ya mchu imechomoza topeni. Ndege yangeyange anatembea. Mwani unanuka. Tope linalia pwa, pwa, vishimo vikifunguka.

Jiandikie pia hali ya maji. Bamvua huja mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, na hapo maji hukimbia mbali sana kabla ya kurudi kwa nguvu. Katikati yake kuna maji mafu, ambayo huenda na kurudi kidogo tu. Ukiandika mwezi mpevu huku maji hayaondoki ufuoni, mtu wa pwani atajua umeandikia kitandani, na tangu hapo hatakuamini hata ukimwambia unalia. Vivyo hivyo kwa miti. Mkoko husimama kwa mizizi iliyojipinda kama miguu. Mchu huchomoza mizizi wima juu ya tope, myembamba kama kalamu. Ukisema "mikoko" kwa yote hakuna atakayekushtaki, ila umepoteza picha.

Ukiwa Mwanza, Kisumu au Bukavu, usikope bamvua. Ziwa lina yake. Gugu maji, kwa mfano, ni zawadi kwa mshairi: lina ua zuri la zambarau, na zulia lake hufunga njia ya mtumbwi mpaka mvuvi akashindwa kutoka. Uzuri na dhiki viko kwenye shina moja, kazi yako ni kuangalia tu.

Hatua ya 2: Tafuta kilichokaa pasipo pake

Katika vitu kumi, sita ni pambo. Tafuta kimoja kinachokusumbua kidogo bila kujua kwa nini. Kwangu mimi kilikuwa wale kaa. Nanga ni chuma cha kazi. Huzama na kuibuka. Kaa wakiigeuza kibaraza, maana yake imekaa hapo siku nyingi. Nikawachukua kaa, nikawatafutia wenzao kwenye orodha: dau, kamba, wavu. Wanawake wa pweza nikawaacha, maana walikuwa wanacheka, na kicheko chao kingenivunjia hewa yote. (Wana shairi lao, bado sijaliandika.) Yangeyange pia nikamwacha. Ni mzuri mno, na kila mtu keshamwandika.

Ubeti ukawa hivi:

*Maji yamekupwa mbali, dau limelala bavu,*
*Kaa wapata kivuli, chini ya nanga na wavu,*
*Kamba haina shughuli, imeganda chumvi kavu,*
*Na makasia mawili, yana rangi ya majivu.*

Hakuna huzuni iliyotajwa. Hakuna hata mtu. Lakini ubeti una tundu lenye umbo la mtu, na msomaji huanza kulizunguka: mwenye dau yuko wapi?

Ufundi huu si wangu. Katika *Al-Inkishafi*, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mshairi anaingia kwenye majumba ya matajiri wa Pate yaliyobaki magofu, na anachotuonyesha ni popo wanaoning'inia, bundi ndani ya nyumba, ndege waliolala kwenye vidaka vilivyokuwa vya kupangia vyombo vya thamani. Wale ndege wanaishi raha mustarehe, na hapo ndipo panapouma. Kiumbe anayestarehe mahali ambapo mtu alipaswa kuwapo huuma kuliko kaburi. Ukishalielewa hili utaanza kuliona kila mahali: nyasi kwenye kiti cha baiskeli, mchwa kwenye fremu ya picha, kuku anayetagia kwenye kapu la sokoni.

Hatua ya 3: Futa majina ya hisia

Chukua kalamu nyekundu. Kila penye huzuni, furaha, upweke, uchungu, amani, upendo, piga mstari. Kisha jiulize kwa kila neno: nini nilichokiona kilichonifanya niliandike? Andika hicho. Kama hukuona chochote, futa ubeti mzima, ukanywe chai.

Ruhusa moja ninayoitoa ni neno la hisia linalokwenda kinyume na picha. Ukiweka "alhamdulillahi" au "nimeshiba raha" mdomoni mwa mtu aliyeketi karibu na dau lile, msomaji atahisi kitu kimempita mgongoni. Tumia mara moja kwa mwaka.

Hatua ya 4: Chezea kitenzi, hapo ndipo penye nguvu

Wengi hudhani taswira ni kazi ya sifa: bahari *nzuri*, upepo *mwanana*, jua *kali*. Kiswahili hakina sifa nyingi za asili, na sioni kama ni upungufu, maana nguvu zake kiliziweka kwenye kitenzi. Angalia viambishi vyako kabla hujaangalia kamusi.

Anza na njeo. Rudi kwenye ubeti wa dau: *yamekupwa, limelala, imeganda*. Kote -me-. Kiambishi hiki husema jambo limekwisha na matokeo yake yangalipo. Kila kitu kimeshafika mwisho wake na kimekaa. Sikukipanga hivyo kwa makusudi, lakini nilipojaribu "dau linalala", dau likawa hai, linajiandaa kuamka, na ubeti ukafa. Ukitumia hu- (maji hukupwa, kaa hupata kivuli) unapata utulivu wa mambo ya siku zote, yasiyomhusu mtu yeyote: hewa ya methali. Ukitumia -ka- (maji yakakupwa, dau likalala) umeingia hadithini, na msomaji anangoja kitakachofuata. Ukitumia -ki- unamning'iniza: *maji yakikupwa…* kisha nini? Hofu nzuri hukaa ndani ya -ki-.

Halafu minyambuliko. "Majani yanapeperuka" yana uhuru wake. "Majani yanapeperushwa" yana bwana asiyeonekana anayeyaonea. Herufi mbili tatu, na hali imegeuka kutoka wepesi kuwa unyonge. Kauli ya -ana huleta jamii: minazi ikinong'onezana, mawimbi yakifukuzana, pamechangamka hata kama ufuo ni mtupu.

Sasa tuyarudishe maji ufuoni kwa vitu vilevile, tukibadilisha vitenzi:

*Maji yanarudi tena, dau linatikisika,*
*Kaa wanakimbizana, nanga inafunikika,*
*Kamba yaanza kunena, chumvi yake yayeyuka,*
*Makasia yagongana, nani sasa wa kushika?*

Dau ni lile, kamba ni ile. Lakini -na- na -a- zimeshika pahala pa -me-, kaa waliokuwa wenyeji sasa wanahamishwa, kamba iliyokosa shughuli inalia kwa kuvutwa. Hewa imepanda. Kisha swali la mwisho linairudisha nusu yake, kwa sababu makasia yako tayari na mkono haupo. Sikuandika "matumaini" wala "wasiwasi". Yote mawili yamo kwenye *yagongana*.

Zoezi: chukua ubeti wako mmoja, ubadilishe njeo tu, neno jingine usiguse. Ukisoma matoleo matatu bila kuona tofauti, vitenzi vyako havina uzito, vitafute upya.

Hatua ya 5: Ngeli ni kipimo cha moyo

*Mto* ni mto. *Kijito* unakipenda. *Jito* unaliogopa, hata kabla hujaambiwa limefanya nini. Hii ni mali ambayo mshairi wa Kiswahili huizoea mpaka akaisahau. "Bavu" kwenye ubeti wangu ni ukubwa wa *ubavu*: nililihitaji kwa kina cha -vu, nikiri, lakini liliniletea zawadi. "Dau limelala ubavu" ni mtu aliyejipumzisha. "Limelala bavu" ni mnyama mkubwa aliyeanguka.

Angalia udogo usigeuke dharau au utoto. Kijua, kimvua, kiupepo, kindege, vyote kwenye ubeti mmoja, na msomaji atadhani unamwimbia mtoto alale. Na wakati mwingine ki- huwa kikali kuliko mzazi wake: mtu akisema "kijua cha leo!" huku amejifunika kanga kichwani, haongelei jua dogo.

Ngeli pia ndiyo mlango wa tashihisi. "Jua limechoka" na "Jua amechoka" si sentensi moja. Kwenye ya kwanza jua limebaki jua, umeliazima uchovu kidogo. Kwenye ya pili umelitoa kwenye ngeli yake ukalipeleka kwa watu, na papo hapo tuko kwenye hadithi ya sungura na fisi. Kama hali unayoitaka ni ya ngano, sawa. Kama ni majonzi, *amechoka* italeta tabasamu usiloliomba. Mimi hubaki na li-.

Kuhusu tashbihi nitasema kifupi. "Kama" hula mizani miwili na mara nyingi humwondoa msomaji pale ulipomsimamisha. Umemweka ufuoni, halafu unamwambia mchanga ni mweupe kama maziwa. Sasa yuko jikoni. Ikiwa lazima, ifananishe na kitu cha hapo hapo.

Hatua ya 6: Sikiliza kabla ya kuandika tena

Soma kwa sauti. *Kupwa* lenyewe linafunga mdomo, *kujaa* linaufungua. Vina vya -vu vinabana midomo kila mwisho wa mstari, vya -ka vinaiachia. Sisemi kila -vu ni huzuni, maana *povu* na *ndevu* si msiba. Nasema sikio lina kura yake, lipe.

Tanakali sauti ni mali nyingine: giza totoro, kulowa chapachapa, kutulia tuli, nyekundu ndu, kujaa furifuri. Methali yetu ya *Chururu si ndo ndo ndo* inatofautisha maji ya aina mbili kwa mlio peke yake, na ukiisema unaona mkono mmoja umekinga ndoo inayojaa upesi na mwingine umekinga ndoo inayosubiri. Lakini tanakali hubeba uchangamfu wa mtambaji wa hadithi. Ubeti wa dau haukuvumilia hata moja. Nilijaribu "kimya jii" nikaona ubeti umejigeuza mwigizaji. Shairi la mvua linaweza kubeba tatu na likacheza.

Hatua ya 7: Jua msomaji wako amekuja na nini

Picha haifiki ikiwa tupu. Msomaji anaikuta tayari ina harufu ya kwao.

Jua, kwa mfano. Kwa watu wa nchi za baridi jua ni furaha, na mashairi yao huliomba litoke. Kwetu kivuli ndicho kinachoombwa. Jua kali limekuwa hata jina la kazi ya mafundi wanaofanya kazi pasipo paa. Kijana mmoja aliwahi kutuletea shairi la kufiwa lenye "majani ya vuli yanayopukutika". Picha ilikuwa ya Ulaya, imetafsiriwa. Vuli ya kwetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba; majani huchipua, watu hupanda kunde. Shairi lake lilikuwa linazika mtu huku shamba linashangilia. Alipoambiwa alikasirika, kisha akalirudia: akambakiza marehemu, akaibakiza vuli, na akaandika kunde zikichipua kwenye shamba ambalo marehemu alililima lakini hakuwahi kulipanda. Lilikuwa shairi bora kuliko yote tuliyoyasoma mwezi ule.

Upepo nao una historia. Kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi, kuanzia Aprili hivi, ndiyo iliyoyarudisha. Kwa hiyo kwa msomaji wa pwani kaskazi ina ugeni ndani yake, bandari imejaa, na kusi ina kuagana na bahari iliyochafuka. Ukimwandikia mpenzi anayeondoka "kaskazi inavuma", umempa upepo wa kumrudisha. Pengine ndivyo unavyotaka. Basi ujue unafanya nini.

Nyota ni vivyo hivyo. *Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua*: mkulima akisikia kilimia anasikia jembe. Ndege dudumizi akilia wengi huanza kutazama mawingu. Bundi kwetu ni habari mbaya, na kwa sababu hiyo amechoka. Kila mshairi anayetaka kifo humwita bundi, naye anakuja kama karani wa zamu.

Picha iliyochoka inaweza kufufuliwa kwa kuiangalia upya. Mbuyu, kwa mfano. Mashairi yote yanasema unene wake, umri wake na mizimu yake. Wachache wameandika ua lake. Hufunguka jioni giza likiingia, jeupe, kubwa kama kiganja, linaning'inia kichwa chini. Popo huja usiku kunywa maji yake matamu, na siku ya pili limeshanyauka na kudondoka. Harufu yake haipendezi. Mti unaoishi mamia ya miaka, wenye ua la usiku mmoja linalonuka. Hapo kuna hali ambayo neno "mizimu" halitakupa tena.

Hatua ya 8: Tumia kibwagizo kugeuza hewa

Mstari unaorudi kila ubeti ni mtego mzuri kuliko wengi wanavyodhani. Maneno hayabadiliki, lakini kilichotangulia kikibadilika, picha ileile huvaa hali nyingine. Tuseme kibwagizo ni hiki:

*Na mvua bado yanyesha, usiku haujakucha.*

Mstari unaokitangulia ubeti wa kwanza uwe:

*Mbegu zimo kibuyuni, jembe lipo mlangoni.*

Hiyo ni mvua ya baraka. Mtu anageuka kitandani, anatabasamu gizani. Ubeti wa tatu tuhamie kwa mtu anayeishi bondeni, tuseme Jangwani, Dar es Salaam, ambako Mto Msimbazi umefurika mara nyingi:

*Godoro juu ya meza, mwana juu ya godoro.*
*Na mvua bado yanyesha, usiku haujakucha.*

(Vina vya kati na mwisho nimeviacha kwa makusudi, hivi ni vipande vya mfano.) Neno *bado*, ambalo kwenye ubeti wa kwanza lilikuwa shukrani, sasa ni maji yanayopanda. Hukumwambia msomaji aogope. Ulimwonyesha meza.

Mgeuko huu usiweke ubeti wa pili. Msomaji anahitaji muda wa kuamini hewa ya kwanza. Beti mbili za raha, kisha geuza.

Hatua ya 9: Msomee mtu asiyejali ushairi

Washairi wenzako watakuhesabia mizani. Tafuta mtu wa kazi iliyomo shairini. Usimuulize kama ameelewa, wala kama ni zuri, kwa sababu atakuheshimu na kusema ndiyo. Soma, nyamaza, ngoja swali lake la kwanza. Akiuliza kuhusu neno, neno lina kasoro. Akiuliza kuhusu kitu ulichokionyesha, uko njiani.

Ubeti wa dau nilimsomea mjomba wangu, mvuvi tangu ujana, alipokuwa ameketi barazani anashona wavu. Niliposema "chini ya nanga na wavu" akaacha sindano.

"Wavu haulazwi mchangani, mwanangu. Wavu huanikwa."

Nikamwambia, "Lakini ndivyo nilivyouona, mjomba."

"Basi mwenyewe kafa, au kafungwa."

Nikabaki nimeshika daftari. Nilikuwa nimeuweka wavu pale kwa sababu ya kina. Yeye, kwa kujua kazi yake, alikuwa amesoma msiba mzima kwenye neno nililolidhani pambo. Nikamuuliza kama niuhamishe, niuanike kwenye mti inavyopasa.

Akafikiri. "Na hao kaa umewaona, au umewatunga?"

"Nimewaona."

"Waache. Na wavu uache hapo hapo." Akachukua sindano yake. "Sasa nisomee ule wa maji kurudi."